Kwa nini paka hujilaza juu ya kibodi pale tu unapoanza kazi? Mnaofanya kazi nyumbani njooni

#1 Mhariri Huru

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi, naifanya nyumbani, na nyumbani naishi na paka jike mmoja. Nampenda mno na sitafuti mbinu ya kumtimua mezani. Nataka kumwelewa.

Asubuhi hulala kwenye kiti cha pembeni. Kompyuta ikiwa imefungwa hana habari nayo kabisa. Nikiifungua na kuanza kuandika, haupiti muda anaamka, anajinyoosha, anapanda mezani na kujilaza juu ya kibodi, tumbo limefunika vitufe vyote. Nikimshusha anapanda tena. Nikimfungia nje analia mlangoni mpaka mteja aliye upande wa pili wa simu anamsikia.

Wengi husema anafuata joto. Mimi napinga. Dai langu ni kwamba paka anazitambua zile saa ambazo mwili wako uko kitini lakini wewe mwenyewe hupo, na anakuja kukaa katikati yako na hicho kilichokuteka. Mwenye hoja ya kupinga aiweke, mwenye kisa akimwage.

#2 Fundi Bodi

Joto, mkuu. Halina mjadala.

Joto la mwili wa paka ni kama nyuzi 38 hadi 39. Na hali ya hewa ambayo mwili wake hauhitaji kutumia nguvu za ziada kujipasha wala kujipoza ni kati ya nyuzi 30 na 38. Wewe kwenye chumba cha nyuzi 30 unatafuta feni. Maana yake chumba kinachokufaa wewe, kwake kina ubaridi. Sasa chini ya kibodi ya kompyuta mpakato kuna prosesa na betri, vitu viwili vinavyotoa joto muda wote unaofanya kazi. Ukiizima inapoa, naye anaondoka. Umeeleza mwenyewe kwamba ikiwa imefungwa haendi.

#3 Binti Seme

Fundi umejibu kifundi, lakini wangu hulalia daftari. Daftari la karatasi, halina betri wala prosesa. Nikiliacha mezani nikaenda zangu chumba kingine, halisogelei. Nikirudi nikashika kalamu, huyo kaja, kalala juu ya ukurasa uleule ninaouandika. Hilo joto linatoka wapi?

#4 Tarishi

Namuunga mkono Binti Seme. Wangu hufuata macho. Nikisoma kitabu analalia kitabu, nikitazama simu anaweka kichwa kati yangu na simu.

Na hili si la kubuni. Mwaka 2019 Péter Pongrácz na wenzake huko Budapest walichapisha utafiti ambapo mtu aliketi na bakuli mbili akatazama moja, na paka wengi wakaweza kulifuata tazamo la mtu hadi kwenye bakuli lenye chakula. Kwa hiyo kujua unatazama wapi, anajua.

#5 Karani wa Zamu

Tarishi, kujua unatazama wapi ni jambo moja, sababu ya kwenda kukaa hapo ni jambo jingine.

Mleta uzi, sababu ni kwamba wewe mwenyewe umemfundisha. Angalia anachopata akipanda kwenye kibodi: unamsemesha, unamshika kwa mikono miwili, unamnyanyua, pengine unamkuna shingo kabla ya kumweka chini. Kwake yote hayo ni malipo. Akilala kitini kwa utulivu anapata nini? Hapati kitu, hata hutazami upande wake. Mnyama yeyote atachagua njia inayolipa.

Kibaya zaidi ni malipo ya mara mojamoja. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha hili kwa panya na njiwa miongo mingi iliyopita: tabia inayolipwa leo, kesho isilipwe, keshokutwa ilipwe, ndiyo ngumu kuliko zote kuifuta. Ndivyo tulivyo mezani. Tukiwa na haraka tunamshusha, tukiwa tumechoka tunamwachia akae.

#6 Mzee Kobe

Vijana, mnasahau pua.

Paka ana tezi za harufu kwenye mashavu, kidevuni, kwenye paji la uso, chini ya nyayo na kwenye shina la mkia. Anaposugua shavu kwenye kona ya skrini, anaacha alama yake. Na ndani ya nyumba, hakuna kitu kinachobeba harufu ya mikono yako kuliko kibodi, maana unaigusa saa nyingi kila siku na ni wachache wanaoisafisha. Anakwenda kulala palipo na harufu yako, na kuchanganya yake humo. Mtazameni vizuri kabla hajalala, mtaona anaanza kwa kusugua.

#7 Mhariri Huru

Mzee Kobe, shikamoo. Kweli kabisa, huanza na kona ya skrini, shavu la kushoto kisha la kulia, ndipo anapanda. Lakini hapo ndipo ninapokwama: harufu haiondoki nikiondoka. Kwa nini hapandi kibodi ileile nikiwa jikoni?

Karani, nimekusoma. Ila paka huyu alianza tabia hii tangu wiki ya kwanza alipokuja, kabla sijapata muda wa kumfundisha lolote.

#8 Mzee Kobe

Marahaba. Hapandi kwa sababu harufu peke yake ni nusu ya jambo. Paka wanaopatana husuguana wakati wanapokutana. Wewe ukifika mezani, kwake mmekutana.

#9 Fundi Bodi

Badala ya kubishana, tupime. Napendekeza hivi. Kwanza, kompyuta iwe imewashwa na inafanya kazi nzito, mwenyewe usiwepo chumbani. Pili, wewe uwepo na kompyuta iwe imezimwa na imepoa, lakini uandike kwenye kibodi kana kwamba unafanya kazi. Tatu, uwepo mezani na kompyuta imewashwa lakini usiiguse wala kuitazama. Kila mtu aje na majibu ya paka wake. Mkifanya hivyo, msimwite wala kumtazama.

#10 Nahodha Mstaafu

Mnajisumbua wakuu. Paka ni mnyama wa usiku. Anaamka mchana kwa sababu mmemharibia ratiba. Mwacheni azurure usiku, mchana atalala fofofo.

#11 Msaidizi wa Tabibu

Nahodha, samahani, nakurekebisha kidogo. Paka si wa usiku wala wa mchana. Nguvu zake hupanda wakati wa kupambazuka na wakati wa machweo. Usiku wa manane hulala sana kama wewe. Ndiyo maana wengi wenu mnaamshwa alfajiri, na ndiyo maana kikao cha jioni huwa kigumu kuliko cha saa sita mchana. Kama unaweza kupanga ratiba, kazi ya kutulia iweke katikati ya mchana.

(Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama, si daktari mwenyewe. Nikisema jambo linalohusu ugonjwa, hakikisheni kwa daktari wenu.)

#12 Nahodha Mstaafu

Nimepokea, asante.

#13 Kivuli cha Mchana

Dawa rahisi: chupa ya kunyunyizia maji. Akipanda, mnyunyizie. Au weka maganda ya limau mezani, wanachukia ile harufu.

#14 Msaidizi wa Tabibu

Kivuli, hapana kwa yote mawili. Maji yatamfundisha kukuogopa wewe, maana wewe ndiye mwenye chupa, na ukiwa haupo atapanda vilevile. Paka mwenye hofu huanza kukojoa nje ya sanduku lake la mchanga, na hapo utakuwa umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

Limau: mafuta ya maganda ya malimau na machungwa yana sumu kwa paka, hasa yale yaliyokolezwa kwenye vichupa. Ini la paka ni dhaifu katika kuvunjavunja kemikali nyingi za aina hiyo. Mafuta ya mti wa chai (tea tree) ni hatari sana, hata kwenye kifaa cha kufukiza chumbani msiyaweke. Nikiwa hapohapo, maua ya yungiyungi (lily) kwenye meza ya kazi yaondoeni leo. Hata chavua yake akiilamba kwenye manyoya inaweza kuua figo zake.

#15 Kivuli cha Mchana

Hilo la yungiyungi sikuwahi kulisikia popote. Nakushukuru.

#16 Msimbo Usiku

Naomba msaada wa upande mwingine. Paka wangu alilala juu ya kibodi wakati nimekwenda kupokea mzigo mlangoni. Nimerudi, herufi hazitoki. Lazima nishikilie kitufe kwa sekunde nzima ndipo herufi moja itokee. Nimewasha na kuzima. Nimeua kibodi?

#17 Fundi Bodi

Haijafa. Kama unatumia Windows, ukishikilia kitufe cha Shift cha kulia kwa sekunde 8, kompyuta inaanza kupuuza mibofyo mifupi. Ni msaada uliowekwa kwa watu ambao mikono yao hutetemeka. Paka kakilalia. Nenda kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya kibodi, uzime. Au shikilia Shift ya kulia tena sekunde 8.

Ukibofya Shift mara 5 mfululizo unawasha kitu kingine tena. Na kwenye baadhi ya kompyuta, hasa za zamani kidogo zenye michoro ya Intel, Ctrl na Alt pamoja na mshale huigeuza skrini juu chini. Watu wamepeleka kompyuta kwa fundi kwa ajili ya hilo.

Jizoezeni kabla ya kuinuka: Windows na L inafunga skrini. Kwenye Mac ni Control, Command na Q. Paka akilala hapo atabofya penye nywila tu, hatatuma barua pepe kwa mtu.

#18 Msimbo Usiku

Imerudi! Mungu akubariki Fundi. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi leo.

#19 Tarishi

Hapo kwenye kutuma barua, kuna mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Jack Hetherington, aliyeandika makala ya kisayansi mwaka 1975. Aliandika yote kwa nafsi ya "sisi" ilhali alikuwa peke yake, na akaambiwa jarida halitakubali. Enzi hizo ni mashine ya taipu, kurekebisha ni kuandika upya yote. Akaongeza mwandishi wa pili, F. D. C. Willard, ambaye alikuwa paka wake aitwaye Chester. Makala ikatoka kwenye jarida la fizikia la Physical Review Letters yenye majina mawili. Kwa hiyo paka wa kwenye meza ya kazi ana historia ndefu kuliko kazi zetu hizi za mtandaoni.

#20 Binti Seme

Tarishi usitupoteze, majibu ya vipimo yako wapi?

Yangu haya. Nina kibodi ya zamani iliyokufa. Niliiweka mezani kando ya ile ninayoitumia. Nikiandika kwenye nzima, analalia nzima. Nikihamisha mikono kwenye ile iliyokufa na kuigonga kama naandika, anainuka, anahamia kwenye iliyokufa. Haina umeme, haina joto. Nimefanya hivyo kwa siku tofauti na huwa hakosei. Kwangu mimi suala la joto limekwisha.

#21 Mhariri Huru

Binti Seme, hiki ndicho nilichokuwa nikikisubiri! Wangu kwenye kipimo cha tatu (nimekaa, imewashwa, siigusi wala siitazami) hakupanda mezani. Alikuja mapajani.

#22 Fundi Bodi

Nami nimepima. Kompyuta ikifanya kazi nzito, mimi chumba cha pili, mlango wazi. Nikachungulia: kalala ubavuni mwa kompyuta, pale hasa feni inapotolea hewa ya moto, pua imeelekea kwenye tundu. Mimi sikuwepo, macho yangu hayakuwepo, hakuna wa kumlipa kwa kumkuna. Mnamwelezaje huyu?

#23 Karani wa Zamu

Tunamweleza kwamba paka ni wengi na sababu ni nyingi, Fundi. Na wa Binti Seme mimi namsoma hivi: amejifunza kwamba vidole vinavyogonga ni alama ya mtu aliyekaa mahali pamoja ambaye akiguswa ataitikia. Sauti ya kugonga tu inatosha.

#24 Mzee Kobe

Binti Seme, hiyo kibodi iliyokufa uliitumia kwa miaka?

#25 Binti Seme

Kwa miaka mingi, Mzee wangu.

#26 Mzee Kobe

Basi imejaa harufu yako. Jaribu kwa kibodi mpya kutoka kwenye boksi, ambayo hujaigusa. Na kando yake weka fulana uliyoivaa jana, isiyofuliwa. Uniambie analala wapi.

#27 Dada wa Zamu ya Pili

Naingia na swali la pembeni. Mkiwa kwenye vikao vya video mnafanyaje? Wangu akisikia nazungumza, naye anaanza kuzungumza. Hunyamaza nikinyamaza.

#28 Tarishi

Huyo anadhani unamsemesha yeye, maana chumbani hakuna mtu mwingine anayemwona. Paka wakubwa hawaliani "nyau" wao kwa wao mara kwa mara. Sauti hiyo wanaitumia zaidi kwa binadamu. Kati ya paka wenyewe, mama na watoto wake ndio hasa huitumia. Ukizungumza na hewa, na yeye ndiye pekee aliyepo, anakujibu.

Halafu msisahau kisa cha yule wakili wa Texas, Februari 2021, aliyeingia kwenye kikao cha mahakama kwa video akaonekana ana sura ya kitoto cha paka, akawa anamhakikishia jaji kwamba yeye si paka. Ile ilikuwa picha ya kompyuta tu. Dunia nzima ilimcheka kwa upendo, na tangu hapo naona watu wamelegea kidogo paka akipita mbele ya kamera.

#29 Karani wa Zamu

Dada wa Zamu, ninachofanya mimi: robo saa kabla ya kikao nacheza naye kwa kijiti chenye manyoya kilichofungwa kamba. Anavizia, anakimbiza, namwachia akikamate mwishoni, kisha nampa chakula kidogo. Paka akishawinda na kula hujiramba na kulala. Kikao kinaanza naye kalala. Kamba uifungie kabatini ukimaliza, usiiache sakafuni.

Taa ya leza mimi siipendi, maana anakimbiza kitu asichokikamata kamwe, na wengine hubaki na hamaki.

#30 Msaidizi wa Tabibu

Nakazia hiyo ya kamba. Uzi, raba za karatasi, na vile vifungio vya waya vilivyoko kwenye kila meza ya kazi ni hatari kubwa. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea ndani, hivyo uzi ukianza kuingia ni vigumu kuutema. Ukifika tumboni unaweza kukunja utumbo na kuukata. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari.

#31 Msimbo Usiku

Na nyaya je? Wangu anatafuna waya wa chaja.

#32 Fundi Bodi

Inategemea kipande gani. Kutoka kile kisanduku cha chaja kwenda kwenye kompyuta, kwa kawaida ni kama volti 20, ataharibu waya tu. Kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku ni umeme kamili wa nyumba, na huo unaua au unaunguza mdomo. Kipande hicho kipitishe ndani ya mrija mgumu wa plastiki au nyuma ya meza asipofika. Ukiondoka, chomoa.

#33 Mwalimu wa Mbali

Nimefuata uzi wote kimyakimya. Nafundisha lugha kwa video na nina paka dume wa umri wa kati. Nataka niweke kisa kimoja kwa sababu naona wote mnazungumzia paka anayetaka kitu kwenu.

Kuna siku alikuwa ananijia mezani, analia, ananitazama, anashuka, anakwenda kwenye sanduku la mchanga, anarudi, analia tena. Nilikuwa na darasa mfululizo. Mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyeniambia kupitia skrini: "Mwalimu, huyo paka hana raha, simamisha darasa ukamtazame." Nikaenda. Alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga, anajikamua, na mchanga mkavu. Nikamkimbiza kliniki. Mkojo ulikuwa umeziba kabisa.

Alipona. Ila daktari aliniambia kwamba dume aliyeziba hivyo hana siku nyingi, na wengi huletwa wakiwa wamechelewa kwa sababu watu walidhani anadeka.

#34 Mhariri Huru

Mwalimu, nimesoma hii nikamwangalia wangu mara mbili. Pole sana, na tumshukuru huyo mama.

#35 Msaidizi wa Tabibu

Kisa cha Mwalimu kila mwenye dume akihifadhi. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, huzibwa na chembechembe au ute. Dalili: kwenda mchangani mara kwa mara, kujikamua, matone machache au hakuna kabisa, kulia, kujiramba huko nyuma. Ni dharura ya saa, usisubiri kesho.

Na paka mzee, wa miaka kumi na zaidi, akianza ghafla kukusumbua na kulia sana, anakula kwa pupa lakini anakonda, mpimeni damu kuangalia tezi ya shingo. Ikizidisha kazi humfanya asitulie. Tabia ambayo imekuwepo tangu zamani ni tabia. Ile iliyobadilika ndiyo ya kuulizia.

#36 Kivuli cha Mchana

Tukirudi kwenye mada, mimi naona mmesahau umbo. Paka hupenda kitu chenye pembe nne. Chora mraba sakafuni kwa utepe wa gundi, ataingia. Mwaka 2021 Gabriella Smith na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa kushirikisha watu majumbani mwao, wakaona paka hukaa hata ndani ya mraba wa kuonekana kwa macho tu, ule unaotokana na vipande vinne vilivyokatwa pembeni. Kompyuta iliyofunguliwa ni nini? Ni mraba wenye ukuta upande mmoja.

#37 Tarishi

Paka waliomaliza utafiti ule walikuwa wachache sana, Kivuli. Uzuri wake nakubali, ila usiujengee nyumba nzima. Boksi halisi lina ushahidi mzito zaidi: Uholanzi, 2014, Claudia Vinke na wenzake waliwapa baadhi ya paka wapya wa kituo cha hifadhi maboksi ya kujificha, na hao wakatulia mapema kuliko wasiopewa.

#38 Kivuli cha Mchana

Sawa, lakini jaribuni mfuniko wa boksi la karatasi za printa kando ya kompyuta. Wangu kahamia humo.

#39 Fundi Bodi

Kando ya kompyuta. Upande upi? Wa feni?

#40 Kivuli cha Mchana

...Upande wa feni, ndiyo.

#41 Fundi Bodi

Nilijua.

#42 Mhariri Huru

Hahaha, Fundi hushindwi. Lakini bado hujamjibu Binti Seme na kibodi yake iliyokufa.

Mimi nabaki pale nilipoanza: ni mapenzi. Tusiogope kulitaja. Mwaka 2019 Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon waliwapima watoto wa paka kwa namna watoto wachanga wa binadamu wanavyopimwa: mwenye paka anatoka chumbani, kisha anarudi. Kama 64 kati ya 100 walionyesha kwamba mtu wao ndiye tegemeo lao. Akirudi, wanatulia na kuendelea kuchunguza chumba. Tegemeo hilo likikaa mbele yake kwa saa nane bila kumwangalia, si lazima alifuate?

#43 Karani wa Zamu

Nawe ulete na upande wa pili. Mwaka 2015 Alice Potter na Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walitumia kipimo cha aina hiyohiyo kwa paka wakubwa na wakahitimisha kinyume: kwamba paka hawakuonyesha dalili za kumtegemea mtu wao kwa ajili ya usalama. Hawakusema paka hapendi. Walisema hakuhitaji kama mtoto anavyomhitaji mzazi. Akija kwenye kibodi, basi amechagua kuja.

#44 Mhariri Huru

Kwangu kuchagua kuja ni kukubwa kuliko kuhitaji.

#45 Mwalimu wa Mbali

Mhariri, hapo nimekuelewa sana.

#46 Dada wa Zamu ya Pili

Kuhusu chakula, nilishauriwa nimpe kile kichezeo cha fumbo, chakula kimefichwa ndani, ashughulike nacho wakati nafanya kazi. Anakitazama, halafu ananitazama mimi.

#47 Tarishi

Yuko sawa na wenzake. Mikel Delgado na wenzake huko California walichapisha mwaka 2021 kwamba paka wakipewa nafasi ya kuchagua kati ya chakula cha fumbo na kile kilichowekwa wazi kwenye sinia, wengi huchukua cha wazi. Wanyama wengi wengine hufanya kinyume, hupenda kukihangaikia.

#48 Msaidizi wa Tabibu

Usikate tamaa lakini, Dada. Anza na fumbo lililo wazi sana, chakula karibu kinadondoka chenyewe. Paka akiachiwa chakula siku nzima hula vijilo vidogo kumi hadi ishirini, kwa hiyo kumpa kidogokidogo kunaendana na tumbo lake. Na kama anakusumbua kwa njaa, tumia kifaa kinachomwaga chakula chenyewe kwa saa. Ataanza kukisumbua kifaa badala yako.

#49 Binti Seme

Mzee Kobe, nimeleta majibu. Kibodi mpya nikiigonga, alikuja lakini hakulala. Aliinusa, akakaa pembeni na kunitazama. Fulana ya jana nilipoiweka kando, akalala juu ya fulana kwa kutwa nzima huku mimi naandika kwenye ile mpya kwa amani. Nakiri pua ina nafasi kubwa kuliko nilivyodhani. Ila asingekuja kabisa kama nisingegonga.

#50 Mzee Kobe

Mwanangu, umefanya kazi nzuri. Fulana uibadilishe kila baada ya siku chache, ikishajaa harufu yake ataanza kukutafuta tena.

#51 Fundi Bodi

Na fulana ya pamba hutunza joto la mwili wake, Mzee. Naliweka tu hapo.

#52 Msimbo Usiku

Nimejaribu fulana kwa dume wangu. Hakuna kitu. Kibao nilichokipigilia ukutani juu kidogo ya skrini ndicho kilichomwokoa. Analala huko ananitazama kutoka juu. Akinifumbia macho polepole nami namfumbia. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2020 ulioona kwamba ukimfumbia paka macho hivyo, naye hufumba zaidi na husogea karibu kwa urahisi. Tatizo ni hilo la mwisho: nikimfumbia anashuka kuja kwenye kibodi.

#53 Nahodha Mstaafu

Msimfumbie macho saa za kazi basi!

#54 Dada wa Zamu ya Pili

Wakuu, nina jambo jingine linaloniuma. Nimeambiwa nirudi kufanyia kazi ofisini kuanzia mwezi ujao, kutwa nzima. Paka wangu amekua nikiwa nyumbani, hajui nyumba isiyo na mtu. Nianze vipi?

#55 Karani wa Zamu

Anza sasa, usingoje mwezi ujao. Toka kidogo leo, kesho zaidi, na saa za chakula na mchezo uziweke asubuhi kabla ya kutoka na jioni ukirudi, kuanzia wiki hii, ili siku ya kwanza ya ofisi isimbadilishie kila kitu kwa pamoja. Ukitoka usimuage kwa maneno mengi.

#56 Mzee Kobe

Na usiifue ile shuka ya kitini.

#57 Msaidizi wa Tabibu

Wiki za mwanzo chunguza vitu vitatu kila jioni: bakuli la chakula, mchanga, na manyoya ya tumboni na mapajani. Wengine huzidi kujiramba mpaka ngozi ikaonekana. Ukiona hivyo, au ameacha kula kwa siku nzima, mlete kliniki. Paka hatakiwi kukaa bila kula, hasa aliyenenepa, ini lake linaathirika haraka.

#58 Dada wa Zamu ya Pili

Nimeandika yote. Leo jioni natoka nusu saa, nitawaletea majibu.